Kipanya cha Mama kinakimbia mno

Najua nimepotea. Karibu wiki sita sijaandika kitu hapa, na wengine mmeanza kuuliza kwa simu kama Uingereza imenimeza. Haijanimeza. Nipo hapa hapa Reading, bado nabeba boksi zamu ya usiku, na baridi ndiyo hiyo imeshabisha hodi.

Leo nataka niwasimulie habari za gurudumu. Si la gari. Ni lile gurudumu dogo lililo katikati ya kipanya cha kompyuta, unalolizungusha kwa kidole ukurasa ukapanda na kushuka. (Na nikisema kipanya, watu wa Dar wa umri wangu msikimbilie zile Hiace za zamani. Nasema kipanya cha mezani.) Mtasema huyu kakosa la kuandika. Ngojeni kidogo. Habari hii inamhusu Mama. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akasema, "Andika, ila usinifanye mjinga." Mama si mjinga. Mjinga katika habari hii ni mimi.

Mwaka jana nilipokuja likizo nilimletea Mama kompyuta ya mapajani. Ilikuwa imetumika, nimeipata kwa mtu hapa kwa bei ya kutupa, na kwa kuwa ni ya zamani nikaiwekea Linux, ambayo ni ya bure na haiichoshi mashine. Herufi nikazikuza mara mbili, maana macho ya Mama si yale tena ya kusahihisha madaftari ya darasa zima kwa taa ya chemli. Kipanya tulikinunua Tanga mjini, cha waya, chenye gurudumu. Nikamfundisha jioni mbili, nikaondoka.

Tangu hapo Mama akawa msomaji wangu nambari moja. Nikiandika leo, kesho napiga simu. "Mama, umeisoma?" "Nimeisoma baba, umeandika vizuri." Moyo wangu kwatu.

Mwezi wa nne niliandika ile habari ndefu ya msiba wa Baba. Mlioisoma mnakumbuka. Juu nilieleza utoto wetu, mwisho nilieleza mti wa mchungwa aliouacha. Katikati nilisema jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mdomo. Baba alipofariki niliwaambia wote kwamba kazini wamenikatalia ruhusa. Haikuwa kweli. Karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa bado hazijatoka, na nilishaambiwa nikitoka sirudi. Niliona aibu kuwaambia, maana nilikuwa nimeshajigamba kwamba mambo yangu yamenyooka. Mazishi niliyasikiliza kwa simu ya dada nikiwa nimekaa kitandani. Nilipokuja likizo nikashindwa kulisema, tukakaa barazani tukazungumza mvua. Ndipo nikaliandika, nikaomba radhi, na wa kwanza kuombwa alikuwa Mama.

Kesho yake nikapiga simu. "Nimeisoma baba, umeandika vizuri." Kisha akaanza kunieleza bei ya mahindi.

Miezi mitano nilikaa nikiamini kwamba Mama ameghadhibika, na kwamba bei ya mahindi ndiyo njia yake ya kuniambia nyamaza. Nikawa napiga simu mara chache. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa tisa dada akanipigia kwa jambo jingine, na katikati ya mazungumzo likamponyoka: "Wewe nawe unaandika marefu, na Mama mwenyewe hasomi katikati."

"Hasomi vipi?"

"Anasoma juu. Akigusa kile kigurudumu ukurasa unaruka unakwenda huko chini kabisa. Anasoma mwisho, anafunga. Vidole vyake si unavijua, baridi yabisi imevikaza, vinazungusha kwa mkupuo. Kanikataza nisikwambie. Anasema utadhani amezeeka."

Nilikaa kimya mpaka dada akauliza kama simu imekatika.

Basi nikampigia mpwa wangu, yule wa kidato cha pili anayekaa na Mama, nikijua ni kazi ya dakika tano. Nikamwambia fungua mipangilio ya kipanya, punguza mwendo wa gurudumu. "Mjomba, hakuna." Angalia vizuri. "Mjomba, kuna mwendo wa mshale. Wa gurudumu hakuna." Nikadhani mtoto haoni. Nikafungua kompyuta yangu iliyo sawa na ile. Hakuna. Kimstari cha kuvuta kushoto na kulia kwa ajili ya mshale kipo, cha gurudumu hakipo.

Nikajiuliza: kitu kidogo kama hiki, ambacho kwenye Windows kipo miaka yote, kimekosekana vipi kwenye Linux iliyotengenezwa na watu hodari namna ile? Jibu lake lilinichukua usiku tatu baada ya zamu, na ni historia nzima. Nawapa kwa ufupi.

Kwanza niwakumbushe kitu. Mwaka 2004, kabla sijasafiri, nilikuwa kijana wa zamu kwenye intaneti kafe moja pale Kariakoo. Ndio mwaka ule ambao mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na sisi vijana tulikuwa na moto wa Linux kwelikweli. Vipanya vyetu vilikuwa na magurudumu lakini magurudumu hayafanyi kitu. Jamaa mmoja akanionyesha faili la mipangilio, akaniambia andika hapa ZAxisMapping, halafu "4 5", hifadhi, washa upya. Nikaandika. Magurudumu yakazunguka, wateja wakashangilia, mimi nikajiona profesa. Nne na tano ni nini? Sikuuliza. Kumbe jibu la tatizo la Mama lilikuwa pale pale, na mimi niliandika kwa mkono wangu!

Turudi nyuma. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 California, kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford. Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, aliyekiunda ni mwenzake Bill English. Kilikuwa kijumba cha mbao chenye kitufe kimoja. Magurudumu kilikuwa nayo, mawili, lakini yalikuwa tumboni, yakigusa meza: moja likipima kwenda mbele na nyuma, jingine kushoto na kulia. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco, na wakati huo kilikuwa na vitufe 3. Watu wengi wa kompyuta za vyuo na maabara walizoea hivyo baadaye: kipanya ni vitufe vitatu.

Mwaka 1984 pale chuo cha MIT ukaanza mfumo unaoitwa X, ambao kazi yake ni kuchora madirisha kwenye skrini na kupokea habari za kipanya na kibodi. Toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987, na utaratibu wake ndio ambao Linux imeutumia kwa miaka mingi mno. Walioandika X11 waliweka mambo mawili kuhusu kipanya: kipo wapi, na kitufe gani kimebonyezwa. Vitufe walivipa namba. Kushoto 1, kati 2, kulia 3, na wakaacha majina tayari kwa cha 4 na cha 5, endapo mtu atatokea na kipanya cha vitufe vingi. Gurudumu la juu halikuwamo. Hawakusahau, halikuwepo duniani.

Gurudumu lilikuja baadaye. Mwaka 1993, ndani ya Microsoft, kulikuwa na mtu anayeitwa Eric Michelman aliyekuwa akiona watumiaji wa Excel wanavyopotea kwenye majedwali makubwa. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapa kitu cha kukuza na kupunguza picha ya jedwali, kwa mkono ule usioshika kipanya. Wazo likazungushwa huku na huku, likaishia kuwa gurudumu juu ya kipanya chenyewe, na kazi yake kubwa ikawa kusogeza ukurasa. Ile ya kukuza ikabaki kwa anayeshikilia kitufe cha Ctrl, na mpaka leo ipo, jaribuni. Kampuni ya Mouse Systems ilitangulia sokoni na kipanya chenye gurudumu, ProAgio, mwaka 1995, lakini kilicholieneza duniani ni IntelliMouse ya Microsoft mwaka 1996.

Sasa sikieni jambo lililonifurahisha. Kipanya cha zamani kilikuwa kinapeleka kwa kompyuta baiti 3 kila kikisogea. Ukiongeza gurudumu unahitaji baiti ya 4. Lakini kompyuta isiyojua gurudumu ikipokea 4 itachanganya hesabu yote, na mshale utaruka kama kichaa. Wakafanyaje? Wakaweka hodi. Kompyuta inayolijua gurudumu inakiamuru kipanya kibadilishe kasi ya kutoa taarifa mara tatu mfululizo: 200, kisha 100, kisha 80. Kisha inakiuliza, wewe nani? Kipanya kisichoelewa kinajibu 0. Chenye gurudumu, kikisikia hodi hiyo ya 200, 100, 80, kinajibu 3, na kuanzia hapo kinatoa baiti 4. Asiyejua hodi hafunguliwi, na hapati usumbufu. Hodi hiyo Linux nayo ikajifunza.

Basi, gurudumu limefika mlangoni kwa X, na nyumba imeshajengwa miaka karibu kumi. Chumba chake hakuna. Kubadilisha utaratibu wa X ni kuvunja programu za watu dunia nzima. Wakatafuta njia ya mkato: vile vitufe 4 na 5 vilivyoachwa bila mwenyewe, mpeni gurudumu. Likizunguka juu jino moja, X iseme kitufe cha 4 kimebonyezwa na kuachiwa. Likizunguka chini, kitufe cha 5.

Ndiyo ile "4 5" yangu ya Kariakoo.

Njia ile ilikuwa ya busara, na iliwapa mamilioni ya watu gurudumu bila kuvunja kitu. Lakini tazameni bei yake. Kitufe ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa. Hakuna kubonyeza nusu. Hakuna kubonyeza polepole. Gurudumu likigeuzwa kuwa kitufe linapoteza mwendo wake, na X haina tena cha kupunguza wala cha kuongeza. Inachojua ni kwamba jino moja limepita.

Basi nani anaamua jino moja ni mistari mingapi? Kila programu kivyake. Wale waliotengeneza zana za Qt, ambazo KDE imejengwa juu yake, waliamua mistari 3, kama Windows. Wale wa GTK, zana za GNOME, walikuja na kanuni ya hesabu. Mama, hii ni yako: chukua urefu wa sehemu inayoonekana, tafuta kipeuo chake cha tatu, kisha kipeuo hicho kizidishe chenyewe kwa chenyewe. Dirisha la nukta 1000, kipeuo cha tatu ni 10, 10 mara 10 ni 100. Jino moja nukta 100. Dirisha la nukta 512, kipeuo ni 8, jino moja nukta 64. Dirisha likikua, mruko unakua. Si kanuni mbaya, lakini mtumiaji wa kawaida atajuaje kwamba kuvuta dirisha ndiko kulikobadilisha mwendo?

Kwa hiyo mtengeneza mipangilio wa Linux akitaka kuweka kimstari kimoja cha mwendo wa gurudumu, atakiunganisha na nini? Hakuna mahali pamoja pa kupunguza. Wakubwa wawili au watatu wa programu, kila mmoja ana kipimo chake. Ndiyo maana kimstari cha mshale kilikuwepo na cha gurudumu hakikuwepo. Mshale una mwendo ndani ya X yenyewe. Gurudumu halina.

Watu hawakukaa bure. Kuna programu ndogo ya zamani iitwayo imwheel ambayo inakaa katikati, inadaka kitufe cha 4 au cha 5, na badala ya mbonyezo mmoja inatoa mitatu au minne. Anayeona gurudumu lake linakwenda kobe, imwheel inamfaa mpaka leo kwenye mashine za X. Lakini mimi tatizo langu ni kinyume. Mbonyezo mmoja unaweza kuufanya mitatu, huwezi kuufanya nusu.

Mwaka 2012 X yenyewe ikafunguliwa mlango mwingine, toleo la 1.12, gurudumu likaanza kuripotiwa pia kwa tarakimu zenye sehemu, si kitufe tu. Mwaka 2014 ikatoka libinput, ambayo sasa ndiyo inayopokea habari za vipanya kwenye Linux nyingi. Yenyewe inasema ukweli wa gurudumu: limezunguka nyuzi ngapi. Kama hakuna maelezo mengine inahesabu jino moja ni nyuzi 15, yaani meno 24 kwa mzunguko mzima. Lakini ya mwendo ikayaacha kwa walio juu yake, kwa sababu ile ile: mistari au nukta ni jambo la programu.

Windows kwa upande wake tangu zamani ilikuwa na ujanja mmoja mzuri. Jino moja haikulihesabu 1, ililihesabu 120. Kwa nini 120? Mwalimu wa hesabu ataona mara moja: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12. Ikija siku vipanya vikawa na meno madogo zaidi, kuna nafasi ya kugawa. Linux ilipoamua mwaka 2019, toleo la 5.0 la kiini chake, kupokea magurudumu yenye vipimo vidogo, ilichukua 120 hiyo hiyo. Libinput ikafuata mwaka 2021. Na ule mfumo mpya wa madirisha unaochukua nafasi ya X, Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg, unatoa nafasi ya kuliweka jambo hili mahali pamoja. KDE kwenye Wayland wameshaweka kimstari cha gurudumu. Kwa hiyo nyumba inakarabatiwa, lakini mgeni aliyelazwa stoo kwa muda alikaa humo zaidi ya miaka ishirini. Sisi tulioko huku tunajua namna "kwa muda" inavyoweza kukaa.

Haya, turudi kwa Mama.

Kivinjari cha Mama ni Firefox, nacho kinahesabu mistari, tuchukue mistari 3 kwa jino. Lakini mstari ni mrefu kiasi gani? Unategemea ukubwa wa herufi. Mfano: herufi za kawaida, skrini inaonyesha mistari 36. Mistari 3 ni sehemu ya kumi na mbili ya skrini. Mimi nikazikuza herufi mara mbili kwa ajili ya macho yake. Sasa skrini inaonyesha mistari 18, na 3 ni sehemu ya sita. Vidole vya baridi yabisi havizungushi jino moja, vinazungusha matano, sita, saba kwa mkupuo mmoja. Meno 6 mara sehemu ya sita ni skrini nzima imepita. Akijaribu kurudi juu, inapita nyingine. Wema wangu wa kukuza herufi ndio uliomrusha Mama katikati ya maneno yangu. Hakuna aliyekosea pale kiwandani wala California. Mimi ndiye niliyemwachia mzazi mashine bila kukaa naye dakika kumi nione anavyoitumia. Jioni mbili zote nilikuwa nazungusha mimi, yeye akitazama!

Dawa nikaipata, na nawaandikia kwa sababu najua si Mama peke yake. Shangazi wa Korogwe, Babu wa Mkanyageni, wapo wengi wenye vidole vya namna hii. Kwenye Firefox, pale juu panapoandikwa anwani, andika about:config. Itatoa onyo, usiogope, kubali. Kisha tafuta neno hili refu: mousewheel.default.delta_multiplier_y. Utaona namba 100, yaani asilimia mia. Weka 40. Ukurasa utasogea chini ya nusu ya mwendo wa mwanzo. Bado kasi? Weka 30. Polepole mno? 60. Usiweke namba ya kutoa mbele, gurudumu litageuka, chini itakuwa juu.

Inafanya kazi ndani ya Firefox tu. Programu ya kuandikia barua ina mwendo wake, ya picha ina wake, sababu sasa mnaijua. Na asiyetaka kuhangaika na namba, kibodi ina mshale wa chini, unakwenda kidogo kidogo na hauna meno.

Mpwa wangu aliifanya kazi hiyo kwa dakika tatu nikiwa kwenye simu. "Mjomba, nimeweka 40." Nikasikia akimwita bibi yake. Nikasikia kiti kikivutwa. Kisha kimya kirefu, halafu sauti ya Mama kwa mbali, haongei na mimi wala na mtoto: "Aa. Sasa kinakwenda kama mtu."

Nikamwambia mpwa wangu akate simu amwache asome.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili asubuhi, nimetoka zamu, bado sijavua viatu, Mama akapiga mwenyewe. Mama hapigi simu za nje, anasema zinakula pesa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nimeisoma ile ya mwezi wa nne."

"Yote?"

"Yote. Jana jioni na leo asubuhi."

Sikuwa na la kusema. Akaniuliza, "Ulipopiga siku ile nikakwambia umeandika vizuri, ulidhani nimesoma?" Nikasema ndiyo. "Ukadhani nimesoma halafu nikakwambia habari za mahindi?" Ndiyo Mama. "Miezi yote hii ukadhani nina hasira na wewe?" Ndiyo Mama.

Akanyamaza kidogo. "Na mimi nilidhani kazini walikunyima ruhusa nawe ukakubali. Ukakaa. Miaka miwili nasema moyoni, mwanangu kweli hakuweza kuacha kazi siku tatu akamzike baba yake? Sikutaka kukuuliza. Kumbe ulikuwa umefungiwa."

Nilikaa pale pale mlangoni na viatu vyangu. Nikamwambia, Mama, nisamehe kwa kudanganya. Akasema baba yako angekuwa hai angekwambia mwenyewe usitoke, karatasi kwanza, maana alikuwa mtu wa karatasi, risiti ya baiskeli ya mwaka 1978 aliitunza mpaka anakufa. Tukacheka. Tukalia kidogo pia, sitaficha.

Nikimfikiria sasa naona sisi wawili tulikuwa tumekaa na maneno yaleyale, kila mtu na nusu yake. Mimi nilikuwa na hakika kwamba nimeshasema, kwa sababu nimeshaandika. Yeye alikuwa na hakika kwamba sina la kusema. Katikati yetu palikuwa na kigurudumu cha shilingi elfu chache chenye meno ishirini na kitu. Kuandika ni sawa, nitaendelea kuandika. Lakini lile la Baba lilistahili kusemwa barazani, kwa mdomo, nilipokuwa nimekaa naye na nafasi ninayo. Ndugu zangu mlioko huku kama mimi, msinifuate kwa hilo. Na mlioko nyumbani, mkiona mzee anasema "nimesoma, vizuri" kwa haraka haraka, mkae naye kidogo mtazame mkono wake kwenye kipanya. Wazee wetu wana aibu ya kusema mashine imewashinda. Wanaona bora waseme wameelewa.

Kabla ya kukata simu Mama akasema, "Na kitu kingine."

"Ndiyo Mama."

"Pale ulipoomba radhi, neno lenyewe umeliandika kwa z. 'Razi.' Mtoto wa mwalimu. Lisahihishe, watu wanasoma."

Nimelisahihisha, wasomaji wangu. Mkirudi kule mwezi wa nne mtalikuta lina dh yake. Lipo katikati.

Wasalaam, na msinyamaze, niambieni na nyie vipanya vyenu vinakwendaje. Mimi napanda kitandani, saa nne usiku boksi zinaniita.